Wodi Juu ya Miamba: Kubana Nafasi Bila Kumbana Mgonjwa

Ardhi tambarare ni bidhaa adimu Mwanza, na anayetaka kujenga hospitali huligundua hilo mapema kuliko wengine. Mwenye nyumba ya vyumba vitatu huko Igogo au Mabatini anaweza kuegemeza ukuta wake kwenye jabali, akapandisha ngazi hadi mlangoni, na maisha yakaendelea. Hospitali haina uhuru huo, kwa sababu ndani yake husukumwa machela, viti vya magurudumu, troli za chakula na mitungi ya oksijeni, na vyote hivyo vinahitaji njia yenye mteremko mpole. Kipimo kinachokubalika kwa njia ya kiti cha magurudumu ni kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za mlalo. Kwa kipimo hicho, tofauti ya mita 3 kati ya sakafu ya wodi moja na ya nyingine, jambo la kawaida kabisa katika mji huu wa mawe, inadai njia ya mita 36 kabla hata ya kuongeza sehemu tambarare za kupumzikia. Njia hiyo haimlazi mgonjwa hata mmoja, lakini inakula kiwanja sawasawa na wodi.

Waliojenga Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, walikwenda juu: ghorofa juu ya ghorofa kilimani, na leo hospitali hiyo ina zaidi ya vitanda 900 vinavyopokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa. Kwenda juu kunaifaa hospitali ya kanda yenye wahandisi wake, lifti zake na jenereta zake. Kituo cha afya cha kata hakiwezi kuishi hivyo, wala hospitali ya wilaya yenye fundi mmoja wa umeme, kwa sababu siku lifti inapogoma ndiyo siku mama aliyefanyiwa upasuaji anabebwa mgongoni kupanda ngazi. Kwa vituo hivyo vya chini na vya kati, ambavyo ndivyo vingi, hakuna budi ila kutumia vizuri zaidi kila mita ya sakafu inayopatikana.

Wagonjwa nao wanaongezeka. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 3.6 katika Mkoa wa Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa adha ya kungoja kivuko kwa gari la wagonjwa linalotoka Sengerema au Geita. Hiyo ni neema kubwa, na ni neema inayofikisha mgonjwa mapema mlangoni pa hospitali ambayo upana wake haujaongezeka.

Hapo ndipo linapoingia wazo la moduli, yaani kwamba eneo la kumtibia mgonjwa mmoja, kitanda au kiti chake pamoja na umeme, oksijeni, taa, pazia, mahali pa kunawa na rafu ya vifaa, lisanifiwe mara moja kama kipande kamili chenye vipimo vilevile, kisha lirudiwe, liongezwe, lihamishwe au ligeuzwe matumizi bila kubomoa jengo. Naliunga mkono wazo hili kwa moyo wote. Hofu yangu ni kwamba katika utekelezaji limekuwa likieleweka kama ruhusa ya kukifanya chumba kiwe kidogo, ilhali faida yake halisi iko mahali pengine kabisa: katika kupima nafasi kwa kazi inayofanyika ndani yake na kwa muda ambao mgonjwa anaikalia.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1855, wakati wa Vita vya Crimea, mhandisi Mwingereza Isambard Kingdom Brunel alitengeneza hospitali ya mbao ya vipande, ikapakiwa melini kutoka Uingereza na kwenda kuunganishwa Renkioi, karibu na mlango-bahari wa Dardanelles. Vipande vilipimwa ili watu wawili waweze kukibeba kimoja. Kila jengo lilibeba wagonjwa takribani 50, na majengo yaliunganishwa na ujia mrefu uliofunikwa, kiasi kwamba hospitali ingeweza kurefushwa kwa kuongeza majengo tu. Katika wagonjwa takribani 1,300 waliopita pale, waliofariki walikuwa kama 50, idadi ndogo mno ukilinganisha na vifo vilivyotokea katika vita hivyohivyo kwenye hospitali ya kijeshi ya Waingereza huko Scutari, Uturuki, kabla haijarekebishwa. Mbao hazikumponya mtu. Kilichookoa maisha ni kwamba Brunel aliweka ndani ya kila kipande vitu ambavyo Scutari haikuwa navyo: mfereji wa maji machafu, vyoo, na njia ya kuingiza hewa safi. Moduli ilikuwa chombo cha kubebea masharti ya afya, na masharti hayo yakarudiwa bila kusahaulika kila jengo lilipoongezwa.

Mfano wa karibuni zaidi ni hospitali ya Huoshenshan katika mji wa Wuhan, China, iliyosimamishwa kwa siku takribani 10 mwanzoni mwa mwaka 2020 ikiwa na vitanda 1,000. Wengi waliotazama picha zile walivutiwa na kasi, na tangu hapo kasi imekuwa ndiyo sifa inayotangazwa na wauzaji wa majengo ya vipande. Kwetu kasi ina thamani yake, lakini zahanati iliyosimama kwa wiki mbili itatumika kwa miaka thelathini, na katika miaka hiyo swali la muuguzi halitakuwa jengo lilijengwa kwa siku ngapi.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu kontena, kwa sababu ndilo linalopendekezwa mara kwa mara kila nafasi inapokosekana. Kontena la kawaida la mizigo lina upana wa ndani wa takribani mita 2.35, na ukishaweka mbao au sponji ya kuzuia joto pande zote mbili unabaki na pungufu ya hapo. Kitanda cha hospitali kina urefu wa takribani mita 2 na upana wa karibu mita 1. Ukikilaza kitanda kwa upana wa kontena, hakuna mtu atakayepita miguuni. Ukikilaza kwa urefu wake, unapata ujia wa mita moja na kidogo upande mmoja, na upande wa pili kitanda kimegusa ukuta. Kwa kumpima mtu shinikizo la damu inatosha. Kwa kumhudumia mtu aliyepoteza fahamu haitoshi hata kidogo, kwani kazi hiyo humtaka mtu mmoja kichwani kwa ajili ya njia ya hewa, mwingine kifuani, na mwingine mkononi akitafuta mshipa, na mmoja wao atakuwa ukutani. Kontena linafaa stoo, maabara ndogo, dirisha la dawa, chumba cha ushauri nasaha. Kuligeuza kuwa mahali pa kulaza wagonjwa mahututi ni kuyaacha maumbile ya meli yaamue jinsi daktari atakavyofanya kazi.

Kuna vipimo ambavyo havipaswi kupunguzwa kwa kisingizio chochote. Shirika la Afya Duniani linataka mgonjwa mmoja kwa kitanda kimoja, na umbali usiopungua mita 1 kati ya ukingo wa kitanda na ukingo wa kingine. Mwongozo wake wa mazingira ya vituo vya afya, wa mwaka 2008, unaenda mbali zaidi na kutaja mita 2.5 kutoka katikati ya kitanda hadi katikati ya jirani yake. Uingereza, ambayo ina ardhi ghali kuliko sisi, hutenga mita 3.6 kwa 3.7 kwa kila kitanda. Chukua wodi yenye ukuta wa mita 20. Kwa mita 2.5 utapanga vitanda 8 upande mmoja. Ukishuka hadi ile mita 1 ya lazima, kwa kitanda chenye upana wa sentimita 90, utapanga 10. Vitanda viwili kila upande, vinne kwa wodi nzima, ndiyo faida yote ya kubana. Kwenye karatasi ya takwimu inang'aa. Ndani ya wodi inamaanisha kwamba troli ya vidonda haiingii kati ya vitanda, kwamba mashine ya eksirei ya kusukuma inabaki ujiani, na kwamba kikohozi cha huyu kinamfikia yule.

Na tusisahau kwamba kando ya kitanda cha hospitali ya Kitanzania kuna mtu wa pili. Michoro mingi inayotoka nje humhesabu mgonjwa, muuguzi na daktari, kisha ikafunga hesabu. Kwetu kuna mwuguzaji: mama, shangazi, mdogo wa mgonjwa, aliyekuja na hotpoti ya uji, beseni, kanga mbili na mfuko wa nguo, na ambaye ndiye anayemgeuza mgonjwa, anayemlisha, anayekimbia kununua dawa iliyoandikwa, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuona kwamba dripu imeisha. Mchoro usipompa mahali, atakaa kitandani au sakafuni katikati ya njia, na mlinzi atakuwa na kazi ya kumfukuza kila asubuhi. Moduli iliyosanifiwa kwa ajili ya Mwanza inapaswa kuwa na kiti cha kukunja kilichofungwa ukutani, kinachoshushwa mchana na kuinuliwa wakati wa raundi ya madaktari, na chini ya kitanda sanduku la kufungia mizigo ili beseni na mifuko visizibe sakafu inayopaswa kupigwa deki. Vitu hivyo viwili havina gharama kubwa. Vinachohitaji ni msanifu aliyekubali kwamba ndugu wa mgonjwa ni sehemu ya matibabu.

Kwa watoto wachanga jambo hili ni la uhai na kifo. Utafiti ulioongozwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa na uzito mdogo sana wakiwekwa kifuani mwa mama mara baada ya kuzaliwa, badala ya kusubiri hali zao zitengemae, vifo hupungua kwa asilimia 25. Ili hilo liwezekane, kitanda cha mama lazima kiwe ndani ya chumba kilekile cha uangalizi wa mtoto. Vyumba vyetu vingi vya watoto njiti vimebanwa kwa kumwacha mama nje, aitwe saa ya kunyonyesha kisha arudi wodini kwake. Ukipanga upya chumba hicho kwa moduli ya mama na mtoto, idadi ya vitanda vidogo itapungua na nafasi kwa kila mtoto itaongezeka, na hata hivyo utakuwa umeitumia nafasi vizuri zaidi kuliko mwanzo, kwa maana iliyo muhimu kuliko zote.

Je, nafasi itapatikana wapi basi, ikiwa kitanda hakibanwi? Itapatikana kwenye muda. Tembelea kituo chochote cha afya chenye shughuli nyingi usome maandishi ya milangoni: chumba cha sindano, chumba cha vidonda, kliniki ya kisukari, uzazi wa mpango, kliniki ya watoto. Kliniki inayofanyika siku moja kwa wiki na kumiliki chumba chake inakiacha chumba hicho kimefungwa siku nne za kazi, huku foleni ikijipanga kwenye benchi la nje. Vyumba vyote vikiwa na moduli ileile, kitanda cha kupimia upande uleule wa mlango, sinki mahali palepale, soketi kwa kimo kilekile, basi kitakachohama ni troli ya vifaa na kibao cha mlangoni. Muuguzi hatahitaji kutafuta glavu ziliko kwa sababu ziko mahali pamoja katika kila chumba. Hili ni badiliko la kiutawala zaidi kuliko la ujenzi, na pengine ndiyo maana linachelewa: kubomoa ukuta kunahitaji bajeti, kumwambia mkuu wa kitengo kwamba chumba si chake kunahitaji ujasiri.

Muda huohuo unatufundisha kutofautisha kitanda na kiti. Si kila anayetibiwa anahitaji kulala. Mwenye pumu anayevuta dawa kwa mashine hupumua vizuri zaidi akiwa ameketi. Anayepewa dawa za saratani kwa dripu, anayefungwa kidonda, anayesubiri saa chache za uangalizi baada ya sindano, wote wanaweza kuwa kwenye kiti imara kinacholala nyuma pale inapobidi. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya nchi yenye wagonjwa wengi wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell), na wengi wao huja kuongezewa damu. Chupa moja ya damu inapaswa kuisha ndani ya saa 4, na mgonjwa ambaye hali yake ni shwari anaweza kuipokea mchana na kurudi nyumbani jioni, akiwa kwenye kiti, badala ya kulazwa kwenye wodi ambako kitanda chake kingehesabiwa kimejaa hadi kesho yake.

Usafishaji wa damu kwa wagonjwa wa figo unaonyesha hesabu hii kwa uwazi usio na ubishi. Kila mgonjwa huhitaji kikao cha takribani saa 4, mara 3 kwa wiki. Kiti kimoja chenye mashine moja, kikifanya zamu 2 kwa siku kwa siku 6, hutoa vikao 12, yaani wagonjwa 4. Kikifanya zamu 3, hutoa vikao 18, yaani wagonjwa 6. Kitengo chenye viti 10 kitatoka wagonjwa 40 hadi 60, sawa na kujenga nafasi 5 mpya pasipo kumwaga hata ndoo moja ya zege. Lakini kila kikao kinatumia takribani lita 120 za maji yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu, na mitambo ya kuyasafisha inahitaji chumba chake, sakafu yenye mfereji, na matangi ya akiba kwa siku ambazo bomba limekauka. Anayepanga viti kwanza na kukumbuka maji baadaye atajikuta akitoa viti viwili ili apate pa kuweka tangi. Kwa hiyo moduli ya kwanza kuchorwa katika kitengo cha figo iwe ile ya maji.

Nimesema maji, niseme na hewa, kwa kuwa kando ya ziwa tuna zawadi ambayo wasanifu wetu wanaipa mgongo. Mchana upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na usiku hugeuka. Ni upepo wa bure, wa kila siku, usiohitaji umeme wala fundi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu kuingiza hewa kwa njia ya asili, linataka lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika wodi za kawaida, na lita 160 pale penye ugonjwa unaoenea kwa hewa kama kifua kikuu. Viwango hivyo ni vikubwa, na utafiti uliofanyika Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha jinsi vinavyoweza kufikiwa kwa madirisha tu. Madirisha na milango vilipofunguliwa, hewa ya vyumba ilibadilika kwa wastani mara 28 kwa saa, ilhali vyumba vyenye mitambo vilitarajiwa kufikia 12. Majengo ya kabla ya mwaka 1950, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, yalifikia mara 40; yale ya miaka ya 1970 hadi 1990, yenye dari fupi, yalibaki kwenye 17. Kila anayeshusha dari ya jasi ili wodi ionekane ya kisasa anapaswa kuzisoma namba hizo kabla hajamwita fundi.

Tunaye jirani aliyelifanyia kazi jambo hili. Hospitali ya Butaro, iliyofunguliwa mwaka 2011 kwenye kilima kaskazini mwa Rwanda, iliviondoa vitanda kwenye kuta za nje. Vichwa vya vitanda vimeegemea ukuta mfupi unaopita katikati ya wodi, na wagonjwa wanatazama madirishani. Ukuta ule wa kati ndio uti wa mgongo wa huduma, na naamini ndiyo moduli inayotufaa kuliko zote: kipande kimoja cha ukuta kisichofika darini, chenye oksijeni, umeme, taa na ndoano ya dripu pande zote mbili, kikihudumia vitanda viwili vilivyopeana mgongo. Bomba moja la oksijeni linatosha pale ambapo mpangilio wa kawaida ungehitaji mabomba mawili kwenye kuta mbili zinazotazamana, na upepo unapita juu ya ukuta bila kizuizi. Lazima nikiri gharama yake. Ukipiga hesabu ya vitanda, ukuta na njia mbili za miguuni, wodi ya namna hii hufikia upana wa takribani mita 8, ilhali wodi ya kawaida yenye njia moja katikati hutosheka na chini kidogo ya mita 7. Tunatoa zaidi ya mita moja ya upana. Tunachopata ni kuta za nje zilizo huru kwa madirisha makubwa, wodi inayoweza kulaza wagonjwa wa kifua bila mtambo wa hewa, na huduma zote zikiwa mahali pamoja panapofikika kwa matengenezo. Mimi ningeilipa mita hiyo bila kusita.

Dirisha kubwa kando ya ziwa lina adui yake. Mbu wapo mwaka mzima, na kuna majira ambapo makundi ya vijidudu vya ziwani huruka mithili ya moshi na kufuata kila taa inayowaka. Wavu wa dirishani hauepukiki, na wavu hupunguza upepo unaoingia, hivyo eneo la dirisha lipangwe kwa kufidia upungufu huo. Vyandarua navyo vinahitaji mahali pa kuning'inia. Moduli nyingi za kuagiza hazina hata kulabu, na matokeo yake ni kamba zinazofungwa kutoka stendi ya dripu hadi nondo ya dirisha.

Kuhusu vifaa vya kutengenezea, nitakuwa mfupi. Chochote kitakachowekwa wodini kitapigwa klorini kila siku, na pale damu inapomwagika kitapigwa klorini ya asilimia 0.5. Ubao wa unga wa mbao uliobandikwa plastiki huvimba kwenye kingo zake ndani ya muda mfupi. Chuma kisichopakwa rangi vizuri huota kutu, na hata chuma cha pua hudhurika klorini isiposuuzwa. Kila kiungo kati ya kipande na kipande ni mahali pa uchafu kujificha, kwa hiyo viungo viwe vichache, pembe ziwe za mviringo, na vipande viinuliwe kutoka sakafuni ili ufagio na deki vipite chini. Pazia la kitambaa lina faida ya kukunjika, lakini linafuliwa mara chache kuliko shuka. Skrini ya kukunja inayofutika kwa kitambaa chenye dawa ina usalama zaidi na bado inalinda staha, jambo ambalo mama anayepimwa ujauzito katika chumba cha pamoja analihitaji sawasawa na dawa.

Kisha kuna visiwa. Kipande kitakachokwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kitapakiwa kwenye kivuko, na kitakachoendelea hadi Ukara au kisiwa kidogo zaidi huenda kikashushwa kwenye boti na kubebwa kwa mikono juu ya mawe. Kanuni ya Brunel ya watu wawili inarudi hapa na nguvu zake zote: ukuta wa huduma ugawanywe katika fremu nyepesi zinazofungwa kwa bolti, na kila bolti iwe ya ukubwa unaopatikana katika duka la vifaa la Mwanza mjini. Fremu hizo hazina haja ya kutoka ng'ambo. Mafundi wa kuchomelea wa Nyakato wanatengeneza mageti, vitanda na mabodi ya magari. Wakipewa mchoro wenye vipimo kamili na kielelezo kimoja cha kuigiza, wanaweza kutengeneza fremu ya moduli, na siku itakapovunjika watakuwepo kuitengeneza. Sehemu ya oksijeni na umeme ndiyo peke yake inayodai wataalamu wenye leseni, na hapo pasiwe na njia ya mkato. Visiwani, ambako hakuna mtambo wa oksijeni, ukuta huohuo uwe na mahali pa kufungia mtungi kwa mnyororo, kwani mtungi mzito uliosimama wima bila kufungwa ni hatari kwa mgonjwa na kwa anayemuuguza.

Moduli ndogo inatusaidia pia kuliheshimu jabali. Jengo refu la wodi moja linahitaji sakafu ndefu ya kimo kimoja, na hapo ndipo baruti na kifusi vinapoanza kumaliza fedha. Safu ya moduli nyembamba inaweza kufuata mkunjo wa kilima, ikasimama juu ya nguzo fupi pale mteremko unapoanguka, maji ya mvua yakapita chini yake, na sakafu zote zikabaki kimo kimoja kwa ajili ya machela. Michoro sanifu ya zahanati na vituo vya afya inayotumika nchi nzima imesaidia sana kuharakisha ujenzi na kudhibiti gharama, na sioni sababu ya kuitupa. Lakini mchoro uliokaa vizuri kwenye uwanda wa Dodoma ukiletwa ulivyo kwenye mteremko wa Isamilo utalazimisha kiwanja kikatwe vidaraja vitatu, na vidaraja vikishakatwa, zile mita 36 za njia nilizozitaja mwanzo zinaanza kudaiwa. Kinachofaa kusanifiwa kitaifa ni moduli yenyewe. Namna ya kuzipanga iachwe kwa wahandisi wa halmashauri wanaoijua ardhi yao.

Fedha za kujaribu hili hupatikana pale uamuzi unapokuwapo. Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 ulioelekezwa mwaka 2021 kwenye mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19 ulijenga, pamoja na madarasa, majengo ya dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi katika hospitali nyingi. Kasi ile ilionyesha kwamba nchi inaweza kujenga kwa wingi na kwa wakati mmoja. Awamu ijayo, vyovyote itakavyoitwa, ianze na jambo dogo lisilo na gharama kubwa: kabla ya zabuni kutangazwa, halmashauri itengeneze moduli moja ya mfano kwa plaiwudi, ya vipimo halisi, ndani ya ghala au ukumbi wowote ulio wazi, mistari ya chaki ikionyesha mahali moduli za jirani zitakapokaa. Waitwe wauguzi wa zamu ya usiku, wahudumu wa usafi, mkunga, fundi wa vifaa tiba na ndugu wawili watatu waliowahi kuuguza. Wamhamishe mtu kutoka kwenye machela hadi kitandani. Wafanye zoezi la kumfufua mgonjwa wakiwa wanne. Wabadilishe shuka huku mwuguzaji akiwa kwenye kiti chake, wasukume mashine ya eksirei hadi kitandani, wafunge chandarua, wapige deki chini ya kitanda, wageuze kiti cha magurudumu ndani ya mduara wa mita 1.5 kinaouhitaji. Pale mkono unapogonga, plaiwudi ikatwe na kusogezwa papo hapo. Vipimo vitakavyobaki ndivyo viingie kwenye mkataba, vikiwa na saini ya muuguzi mkuu kando ya saini ya mhandisi, na mkandarasi asianze kutengeneza moduli ya pili kabla ya ile ya kwanza kutumika wodini kwa mwezi mzima na kasoro zake kurekebishwa.